Marehemu wa Keshokutwa

Tulimwacha Mama Nukta ameketi kitini, kidole chake kimeganda juu ya jina la tisa, na kitasa cha mlango kinazunguka.

Wasomaji mmetuma ujumbe wiki nzima mkitaka kujua nani alikuwa nyuma ya mlango ule. Wengine mmebashiri askari kanzu. Mmoja ameapa kwamba ni mume wake wa kwanza. Poleni wote. Alikuwa Meneja.

Na kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita liliishia kufungia misumari dukani, mambo yalikuwa hivi. Mama Nukta ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha serikali. Kwa miaka ishirini na miwili amesoma kila kitu kabla hakijachapwa, na mafundi walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kuiachia sentensi itoke nje bila nukta yake. Jumanne mchana, tarishi alikosea akamletea bahasha ya Meneja. Akaifungua kwa mazoea. Ndani mlikuwa na ukurasa wa toleo maalumu la gazeti la serikali:

MASHUJAA WETU KUMI NA WANNE. WALIUWAWA KINYAMA IJUMAA ALFAJIRI KWENYE DARAJA LA MPAKANI.

Chini yake, orodha ya majina na vyeo.

Ijumaa ilikuwa bado siku tatu. Na jina la tisa lilikuwa la pacha wake.

Sasa mlango umefunguka, na Meneja amesimama kizingitini. Ni mtu mwenye suti mbili na uoga mmoja, na uoga huo anauvaa kila siku.

"Umefungua?" aliuliza.

"Nimefungua."

"Umesoma?"

"Meneja, kwani mimi nimeajiriwa kufanya nini?"

Kijasho chembamba kilimtoka Meneja chini ya pua. Akafunga mlango, akaugusa tena kuhakikisha umefungika. Mama Nukta alimtazama, akili inakwenda mbio. Humu kiwandani kila mtu alimjua kwa jina la utani. Hakuna aliyejua kwamba ana pacha, sembuse pacha askari. Meneja hakujua. Akijua, Mama Nukta hatoki kwenye chumba hiki.

"Kuna makosa," alisema Mama Nukta.

Meneja akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Makosa gani?"

"'Waliuwawa.' Haiandikwi hivyo. Ni 'waliuawa'. Hiyo 'w' ya katikati imetoka wapi?"

Mabega ya Meneja yalishuka kama mzigo uliotuliwa. "Makosa ya herufi tu?"

"Ya herufi."

"Ahaa! Basi sahihisha, mama, sahihisha." Akavuta kiti, akakaa, akapunguza sauti. "Usishtuke na tarehe. Hili ni jambo la tahadhari. Wakubwa wanapenda kujiandaa mapema."

"Kama mtu anayenunua sanda kabla hajaumwa."

"Hivyo hivyo!" alisema Meneja kwa furaha. Kisha akasikia alichokikubali, furaha ikamkatika.

"Na majina?" Mama Nukta alijifanya anatafuta kalamu. "Hiyo tahadhari imeyajuaje majina?"

"Si hao ndio wenye zamu ya darajani mpaka Ijumaa?"

Lilimponyoka. Akajaribu kulirudisha kwa kukohoa, lakini neno likishatoka limetoka. Alisimama, akarekebisha tai isiyohitaji kurekebishwa.

"Toleo hili liko mtaani Ijumaa saa moja asubuhi. Ukimaliza, leta mezani kwangu. Na mama, wewe una mzazi mgonjwa nyumbani, sivyo? Mwangalie vizuri."

Akatoka. Vitisho vyake vilikuwa kama yeye mwenyewe, vidogo na vya kuazima.

Mama Nukta alirudi kuutazama ukurasa. Katikati alikuwapo Mkubwa mwenyewe, kiongozi wetu, ndani ya magwanda mapya ambayo bado yana mikunjo ya dukani, ameweka kitambaa cheupe kwenye jicho kavu. Picha ya msiba ilishapigwa. Kilichokosekana ni msiba. Na huyo aliyevaa magwanda ni yule yule aliyekwepa jeshi ujanani kwa cheti cha daktari kilichosema nyayo zake ni bapa.

Uchaguzi ulikuwa umebakiza siku kumi na saba. Kura za maoni zilikuwa zimemweka Mkubwa mahali ambapo hajazoea kukaa, yaani nyuma. Na wiki ile ile zilipotangazwa, redio ya taifa ikagundua kisiwa.

Kisiwa chenyewe ni fungu la mchanga katikati ya mto wa mpakani. Hakina mti, hakina nyumba, na mvua zikizidi hakionekani. Kwa miaka arobaini hakuna aliyekikumbuka isipokuwa viboko. Sasa ghafla kilikuwa moyo wa taifa, na nchi ya jirani, ambayo mwezi uliopita ilikuwa ndugu, ikawa nyoka.

Vinyozi walishalisema. "Huyu akiona kura hazitoshi, atatafuta vita. Nani atamtoa jemadari katikati ya mapigano?" Watu walicheka, wakaangalia mlangoni, wakacheka tena kwa sauti ya chini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa lilikuwa limekuja, limepangwa kwa herufi nene, na lina kosa la tahajia.

Mama Nukta akachukua simu, akampigia pacha wake.

"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Bila shaka hapatikani. Tangu Jumapili, mnara wa simu wa mpakani ulikuwa "kwenye matengenezo".

Huyo pacha ni sajenti, lakini msidhani ni jemadari wa bunduki. Ni mpishi wa kikosi. Jeshini wanamwita Sajenti Mwiko. Miaka kumi na tisa ametumikia taifa kwa kukoroga sufuria, na adui pekee aliyewahi kumshinda ni kuni mbichi. Alizaliwa dakika kumi na mbili baada ya dada yake, na dada yake hajamwachia dakika hata moja ya hizo.

Prufu, yaani nakala za kusahihishia, huvutwa mbili daima, na zote zilikuwa bahashani. Mama Nukta alisahihisha moja, akaipeleka mezani kwa Meneja. Ya pili aliikunja mara nne, akaiweka kifuani, akatoka kama mtu anayewahi dukani.

Aende wapi? Gazeti pekee lililokuwa na ulimi lilifungiwa mwezi uliopita, kwa kosa la kuandika ukubwa halisi wa kisiwa. Akabaki na mlango mmoja.

Mgombea wa upinzani, wafuasi wake humwita Mkombozi. Ofisi yake ya kampeni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Mama Nukta alimkuta anapakwa poda usoni, tayari kwa mahojiano ya televisheni. Alimwambia ana jambo la roho za watu. Mkombozi akawatoa wapakaji, akaupokea ukurasa, akausoma mara mbili. Poda ikaanza kupasuka kwenye mashavu. Alikuwa anatabasamu.

"Huyu mzee amejichimbia kaburi mwenyewe!"

"Kaburi ni la askari kumi na wanne, mheshimiwa. Waite waandishi sasa hivi. Useme leo, kabla jua halijazama."

"Leo?" Tabasamu lilisita. "Kaa kwanza, mama. Tukiutoa leo, watadai tumeughushi. Wataahirisha mpango, hakitatokea kitu, na mimi nitaonekana mzushi siku kumi na saba kabla ya kura."

"Hakitatokea kitu. Si ndicho tunachokitaka?"

"Unafikiri kama mama. Siasa inataka subira. Tukingoja mpaka Ijumaa..."

"Ijumaa watakuwa wamekufa."

"Ijumaa," alisema Mkombozi taratibu, kama mwalimu na mtoto mzito, "tutakuwa na ushahidi."

Chini dukani mtu aliangusha bati. Kelele zake zilichukua muda kuisha.

"Wa tisa ni ndugu yangu," Mama Nukta alisema. "Tumelala tumbo moja."

Mkombozi aliweka mkono kifuani. Mkono huo umeshaonekana kwenye mabango mengi. "Nitawajengea mnara, mama. Siku ya kwanza madarakani. Jina la ndugu yako litakuwa juu kabisa."

Mama Nukta akasimama, akaunyofoa ukurasa mkononi mwake.

"Niachie basi nakala!"

"Wewe kufa kwanza," alimjibu, "nitakuja kukusomea mazishini."

Alipopanda ngazi zile alimjua mtu mmoja anayezisubiri maiti kumi na nne. Aliposhuka aliwajua wawili.

Nyumbani, mama yao alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Ni mgonjwa wa miguu, lakini masikio na ulimi havijawahi kulazwa.

"Mama," binti yake alianza, bado amesimama, "kesho utasikia kwamba Mwiko amekufa. Ukisikia, ujue ni uongo."

Mama hakuacha kukunja. "Kafanya nini tena?"

"Yeye hajafanya kitu. Mimi ndiye nitakayetangaza."

Akamweleza yote. Mama alisikiliza shati moja, suruali moja, shuka mbili. Mwishowe akaweka mikono mapajani.

"Kwa hiyo ukiwahi kumuua wewe gazetini, wao hawatamuua darajani."

"Watauaje watu ambao nchi nzima imeshasoma kwamba watakufa Ijumaa? Watu watauliza, mama. Hata mjinga atauliza."

"Na wale wengine kumi na watatu? Mama zao nani atawapitia kuwaambia wasilie?"

Mama Nukta aliukunjua tena ukurasa. Alikuwa na majina kumi na matatu tu, bila mtaa wala simu.

"Fanya," mama alisema. "Lakini usijione mjanja. Kesho kuna watu utawaliza bure, na chozi la mama halirudishwi."

Akachukua shati la Mwiko, ambalo halikuwa limevaliwa tangu likizo iliyopita, akalikunja upya.

Jumatano.

Gazeti la serikali hutoka mchana. Kurasa hufungwa saa tano, mtambo huwashwa saa sita mchana. Hakuna ukurasa unaopanda mtamboni bila alama mbili: sahihi ya Meneja, na muhuri wa Mama Nukta wenye neno PITA. Ukurasa wa mashujaa, uliokwisha kusahihishwa, Meneja alikuwa ameutia sahihi asubuhi hiyo bila kuuangalia, kama mtu anayetia mkono kwenye shimo la nyoka. Bamba lake la kuchapia lilikuwa tayari, limefunikwa gunia, linangoja Ijumaa.

Saa tano na nusu Meneja aliitwa kikaoni kwa wakubwa. Mama Nukta akashuka kwenye ukumbi wa mitambo.

Fundi wa mtambo ni mzee ambaye wino umemwingia kwenye mistari ya viganja mpaka hauoshwi tena. Wanamwita Fundi Wino. Alikuwa anafunga bamba la ukurasa wa tatu, tangazo la wizara kuhusu mbolea.

"Mzee wangu, toa mbolea. Weka hili."

Fundi Wino aliondoa gunia, akawasha taa ya mkono. Alisoma kwa kusogeza midomo, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu bamba lile huandikwa kinyume na yeye amelizoea kuliko gazeti lenyewe.

"Leo siku gani, mwanangu?"

"Jumatano."

"Basi hawa bado wazima."

"Mpaka keshokutwa. Na wa tisa ni pacha wangu."

Mzee alizima taa ya mkono. Kwenye kona, kipoza hewa kilitikisika kama mzee mwingine.

"Mtambo huu nimechapia uongo mwingi," alisema hatimaye. "Mavuno ambayo hayajavunwa. Barabara ambazo hata mbuzi hajazipita. Nilikuwa najiambia, ni karatasi tu, karatasi haimuui mtu." Akafuta mikono kwenye aproni. "Wewe umeshagonga muhuri?"

Mama Nukta alitoa muhuri mfukoni. Miaka ishirini na miwili hajawahi kupitisha gazeti lenye tarehe iliyokosewa. Sasa alikuwa anapitisha gazeti la Jumatano linalosimulia mauaji ya Ijumaa. Akautandaza ukurasa wenye sahihi ya Meneja, akagonga.

PITA.

Mtambo ukanguruma.

Meneja alirudi saa saba na robo, ana furaha ya mtu aliyepewa soda na wakubwa. Akaokota nakala moja mlangoni. Akafunua ukurasa wa tatu.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti kama ya puto linaloachiwa hewa.

"Zima! Zima mtambo!"

"Umeshazimwa," Fundi Wino alimjibu. "Tumemaliza. Magari yameondoka nusu saa iliyopita. Mpaka sasa yameshafika mpaka stendi."

Meneja akamgeukia Mama Nukta, kidole kinatikisika. "Wewe! Wewe utanyongwa!"

"Sahihi iliyo kwenye ukurasa ni ya nani, Meneja?"

Alikimbilia simu ya mezani, akainyanyua. Ampigie nani? Amwambie nini? Kwamba siri ya taifa imetoka nje ikiwa na jina lake chini? Akaiweka chini polepole, akalegeza tai. Ilikuwa mara ya kwanza wafanyakazi wake kuiona shingo yake.

Nje, gazeti lilikuwa limeshafika. Kutoka dirishani Mama Nukta alimwona fundi viatu wa upande wa pili amesimama juu ya kibao chake, anawasomea watu kwa sauti.

"Waliuawa Ijumaa alfajiri! Jamani, leo si Jumatano?"

"Labda Ijumaa iliyopita!" mtu akatetea.

"Tarehe hii hapa! Ya keshokutwa!"

"Serikali yetu ina haraka sana. Barabara hawaziwahi, maiti wanaziwahi!"

Kicheko kililipuka. Kikatoka kwa fundi viatu kikaenda kwa wauza simu, kikavuka barabara. Watu walikuwa wamelibeba jambo hili vifuani kwa majuma, wanalisema kwenye viti vya vinyozi na foleni za maji. Sasa walikuwa nalo mkononi, limechapwa kwa wino wa serikali. Mkubwa amevaa magwanda, analia kilio cha keshokutwa! Kijana mmoja aliweka kitambaa jichoni akaanza kuiga, watu wakashika mbavu.

Mama Nukta naye alianza kucheka. Ndipo alipomwona mwanamke mmoja pembezoni ambaye hakuwa anacheka.

Alikuwa amenyakua gazeti. Alisoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mahali akasimama. Hakutazama tarehe. Mama gani anatazama tarehe? Akatupa kapu chini, akavua viatu, akakimbia kuelekea kambi ya jeshi, anapiga yowe moja refu lisilo na pumzi.

Kicheko cha barabara nzima kikazimika.

Mama Nukta alitaka kufungua dirisha amwite. Hakujua amwite nani. Akakumbuka maneno ya mama yake.

Saa tisa kamili, redio ya taifa ilikata muziki.

Ukumbi wote wa mitambo ulikusanyika. Meneja alikuja akajibanza nyuma, uso wa kijivu. Kila mmoja aliwaza jambo moja: serikali itakanusha. Itasema gazeti ni la kughushi, kisiwa kitasahauliwa, askari watarudi kwenye maharage yao. Mama Nukta alikuwa ameikunja mikono kifuani kuomba hivyo.

Msemaji wa serikali ana sauti nzito, ya kuuzia dawa za meno.

"Ndugu wananchi. Kwa majonzi makubwa, serikali inathibitisha..."

Inathibitisha?

"...kwamba leo Jumatano alfajiri, majeshi ya uvamizi ya nchi jirani yamewaua kikatili mashujaa wetu kumi na wanne. Gazeti la serikali, kwa bidii yake ya kizalendo, liliwahi kuchapa habari hii. Hata hivyo, kutokana na kosa dogo la uchapaji, neno 'Jumatano' liliandikwa 'Ijumaa'. Msahihishaji aliyehusika na uzembe huo anatafutwa na vyombo vya usalama. Aidha, kutokana na hali ya vita, uchaguzi utaahirishwa hadi..."

"Kosa la uchapaji!" Mama Nukta alipaza sauti. Msinishangae wasomaji, lakini lililomchoma kwanza lilikuwa hilo. Mfa maji haachi kutapatapa, na hawa walikuwa wameamua kuushika muhuri wake ili wasizame.

Kisha la pili likamfikia. Walikuwa wamesema leo alfajiri. Leo alfajiri imeshapita. Je, kama ni kweli? Je, kama walishaharakisha, na yeye amekuwa anacheka dirishani huku Mwiko...

Simu yake ikalia.

Namba ngeni. Mwanzo wake si wa nchi hii.

"Haloo?"

"We dada!" Sauti ilitoka pamoja na upepo na kelele za sufuria. "Eti mimi nimekufa?"

Mama Nukta alikaa sakafuni. "Mwiko. Mwiko, uko hai?"

"Niko hai na maharage yanaungua! Nani kakwambia nimekufa? Huku tumesikia redioni, watu hawajui wacheke au waombe likizo."

"Simu ya nani hiyo? Mnara si umekatwa?"

"Wetu ndio umekatwa. Hii ni ya koplo wa upande wa pili wa daraja. Wao mtandao wao unafanya kazi. Huwa ananiuzia nyanya. Kaja mbio kanipa simu, anasema, sajenti, redio yenu inasema nimekuua, wapigie kwenu uwaambie sijakuua!"

Mama Nukta alibonyeza sauti ya nje, akaiinua simu juu. "Mwiko, mko wangapi hapo?"

"Wote. Kumi na nne."

"Wahesabu. Kwa sauti!"

Na ndani ya kiwanda cha uchapaji cha serikali, mbele ya redio ya serikali iliyokuwa inapiga wimbo wa maombolezo, marehemu walianza kujihesabu mmoja mmoja. "Moja, hai!" "Mbili, hai!" Wa nne alikuwa na sauti changa, akaongeza, "Mwambieni mama yangu!" Fundi Wino alijifunika uso kwa viganja vyake vyeusi. Wa tisa alisema, "Tisa, hai, na mpike wenyewe siku moja." Wa kumi na nne alikuwa anacheka hata hakueleweka.

"Yule mama aliyetupa kapu alikwenda kambini," Mama Nukta alimwambia Fundi Wino. "Mkimbilie, mzee wangu! Mwambie umemsikia mwanawe kwa masikio yako!" Mzee alitoka mbio ambazo miaka yake haikuziruhusu.

"Mwiko, nisikilize vizuri. Wanataka muwe mmekufa kweli. Uongo wao hausimami mkiwa wazima. Umenielewa?"

Upande wa pili kicheko kilififia. Pacha wake ni mpishi, lakini si mjinga.

"Dada."

"Nini?"

"Kuna malori matatu yanakuja. Vumbi jingi."

"Kutoka upande gani?"

"Wetu. Yanatoka kwetu." Upepo ulivuma simuni. "Lakini waliomo ndani... mbona wamevaa sare za jirani?"

"Vukeni daraja!"

"Tuvuke twende wapi? Kwa adui?"

"Mwiko, adui ndiye aliyekuazima simu! Vukeni!"

Ikasikika sauti ya sajenti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia maisha yake yote, kali na kubwa, sauti ya mwanajeshi. "Acheni kila kitu! Wote darajani! Mbio!" Kisha viatu vingi juu ya mbao. Kisha mtu wa upande wa pili anawaita kwa lugha ile ile, "Huku, huku, inamisheni vichwa!"

Kisha risasi ya kwanza. Ilisikika kiwandani waziwazi, kavu, kama fimbo inayovunjwa gotini.

Simu ikakatika.

Redioni, Msemaji alikuwa anawaomba wananchi wote, popote walipo, wasimame dakika moja kuwakumbuka marehemu.

Meneja akasimama wima.